Hii Siijui: Maisha ya Mzee Ambrosi Nanjota wa Chiungutwa, 1934–1997

Marehemu Ambrosi Nanjota alizaliwa Kitangari, Newala, tarehe 7 Desemba 1934, mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Yohani Nanjota na marehemu Mama Mwanaheri. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, kwa hiyo padre hakuhangaika kutafuta jina. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina lake halikuchaguliwa, alilikuta limeshaning'inia kwenye kalenda. Baada yake tulizaliwa wengine wanne. Mimi ninayewasomea ndiye kitinda mimba.

Alianza shule ya misheni mwaka 1944 na kumaliza darasa la nne mwaka 1948. Kule juu kwetu maji yalikuwa ya shida, kwa hiyo kabla ya kengele alishuka na mama bondeni kuteka, akaingia darasani mgongo umelowa. Hesabu alifundishwa kwa Kiswahili na alizijua vizuri, lakini mpaka uzeeni, kikija kitu cha maana, alikihesabu kwa Chimakonde, polepole, midomo ikicheza.

Mwaka 1951 alikwenda Ndanda akapata kazi katika karakana ya misheni, kwanza kufagia, baadaye kushika tupa na nyundo, mpaka akawa fundi chuma kamili. Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vya ujamaa, alihamia hapa Chiungutwa na familia yake. Alitengeneza majembe, baiskeli, na kwa kibali cha serikali akatengeneza magobole, zile bunduki za kushindilia. Kazi ya gobole alifundishwa na mjomba wetu Sadallah, ambaye alipofariki alimwachia la kwake, kama ilivyo desturi yetu mali ya mjomba kwenda kwa mpwa. Mjomba alikuwa Mwislamu safi. Alipiga nguruwe pori shambani, akampa kisogo, akaenda kutawadha, na sisi upande wa Kikristo tukabaki na kazi ya kula. Wote tulimwomba Mungu mvua, na shamba lilikuwa moja.

Tarehe 10 Juni 1961 alifunga ndoa Ndanda na Oliva, mama wa watoto wake. Kabla ya hapo alikuwa akifika nyumbani kwa kina Oliva kutengeneza baiskeli ya mzee. Alipofika mara nyingine tena na spana zake, mzee alimwambia, "Kijana, baiskeli yangu imepona. Sasa sema unaumwa wewe nini." Alisema. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hapa wanalikumbuka, na wengine walilicheka.

Zamani baruti ya magobole ilipatikana kwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, kwenye kopo lenye karatasi yake, na ukiuliza ilikotoka unajibiwa. Miaka ya ruksa ya biashara ilipoingia, vitu vilijaa Masasi: mitumba, tochi, sabuni za kunukia. Lakini baruti ile ikaadimika. Mwaka 1991, mwezi wa nne, mahindi yakiwa mabichi na nguruwe wameshaanza kuyalaza, shemeji yake Nikolao, mdogo wake Oliva, alirudi kutoka Dar es Salaam na mzigo wa biashara. Ndani yake kulikuwa na kopo la baruti lisilo na karatasi.

Nikolao alikuwa mtu wa furaha. Alimwaga kidogo juu ya jiwe mbele ya watu, akawasha, ikaruka fyuu. Watu wakapenda. Kwetu kitu kikali ndicho kitu, iwe tumbaku, iwe dawa, iwe pilipili. Msako wa nguruwe ukapangwa Jumamosi. Lakini wenye magobole walikuwa wamezoea kwamba hawashindilii kitu mtutuni kabla marehemu hajakubali, basi wakaja nyumbani na kopo.

Marehemu alimimina kidogo kiganjani akaangalia. Akauliza imenunuliwa kwa nani, imetoka kwenye kopo gani, na ilitengenezwa kwa ajili ya silaha gani. Nikolao akasema baruti ni baruti.

"Shemeji," marehemu akasema, "salfa ya mikorosho ina rangi ya binzari. Mbona dada yako haitii kwenye pilau?"

Watu walicheka, Nikolao naye akacheka. Halafu akamwomba ajaribu japo kidogo tu, mbona wote wameiona ikiwaka vizuri.

"Mmeiona ikiwaka juu ya jiwe, kwenye uwazi. Hiyo imewaambia kwamba inawaka. Ikifungiwa ndani ya mtutu itafanya nini, jiwe halijawaambia." Akawaeleza kwamba iko ya bunduki za kisasa, iko ya kupasulia mawe, na iko ya gobole, na zote watu huziita baruti. Gobole ni la kizee, linataka baruti ya kusukuma risasi, si ya kulipasua. Na kwa macho unaweza kudanganyika hata ukiwa fundi.

"Kwa hiyo unasema mbaya," Nikolao akasema.

"Sijasema mbaya. Nimesema hii siijui."

Nikolao aliinuka. Oliva alikuwa ameshapakua, lakini mdogo wake akaondoka nyumbani kwa dada yake bila kunawa mikono. Oliva alilia siku ile.

Msako haukufanyika. Badala yake marehemu aliwaita wanaume wakalinda kwa madebe na mbwa, na yeye akiwa wa kwanza kwenda. Lakini nguruwe na debe huzoeana. Mahindi mengi yalikwenda, na mwaka ule tulikula mihogo mpaka watoto wakaichukia. Marehemu aligawa makopa yake ya akiba, mihogo aliyoikausha, nyumba hadi nyumba. Alikwenda Masasi kwa Bwana Nyama kuomba baruti inayofaa, akaahidiwa, na ikafika kweli, wakati hakuna tena hata bua shambani. Basi watu wakambandika jina. Jirani yetu Mrisho ndiye aliyelianzisha. Akimwona njiani anaita, "Shikamoo Mzee Siijui. Hili jua la leo unalijua?" Marehemu anaitikia, "Marahaba, hili ni lile la jana," anapita.

Hakumsema Nikolao vibaya hata siku moja. Kila jioni ya miezi ile alimtaja kwenye sala ya nyumbani kwa jina.

Krismasi ya mwaka ule Nikolao alikuja, na kopo mkononi. Aliliweka chini. Kisha akasema, "Shemeji, nilirudi Dar, nikamuuliza aliyeniuzia. Naye haijui." Marehemu akamshika mkono, wakaenda wote wawili kuimwaga baruti ile kwenye ndoo ya maji. Waliporudi walinawa, wakala. Oliva ndiye aliyewapakulia, kwa furaha.

Mwaka 1995 marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari. Hata alipoletewa dawa za chupa kutoka stendi aliuliza maswali yake yale yale, na aliyeleta akaondoka na chupa yake. Mwezi wa nane mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa Hospitali ya Ndanda. Tunawashukuru wauguzi na madaktari kwa upole wao. Alipokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na fahamu, na Jumapili, tarehe 14 Septemba 1997, Bwana alimchukua, Nikolao akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Oliva, watoto Christopher, Maria, Zakaria na Dorothy, wajukuu, sisi wadogo zake tuliobaki, na shemeji yake Nikolao. Wameachwa pia wale wanaume ambao wangebeba magobole Jumamosi ile. Wote wako hapa. Ndio waliochimba kaburi hili alfajiri, na Mrisho ndiye aliyeanza na jembe. Niliwaangalia wakipokezana. Kila mmoja ana macho yake mawili na vidole vyake vyote. Ile baruti ilikuwa nzuri au mbaya, hatujui mpaka leo, na tunamshukuru Mungu kwamba hatujui.

Kaka, Mungu anakujua. Lala salama kwake.