Tapeti Kava ya Landrova ya Marehemu

Basi lilipopita Masanze, mzee aliyekaa kando ya Devota, ambaye Devota hakumfahamu, aliitazama gasketi mpya ya kuzibia injini iliyokuwa mapajani mwake.

"Hiyo ni ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ya Landrova za zamani. Inavuja oili?"

Devota alikuwa amempa shikamoo tu, basi. Akajibu kwa shingo upande: "Hii ya tatu, mzee. Fundi anafunga, wiki haiishi, injini imelowa tena."

"Anakaza nati kwa nguvu zake zote, mwanangu. Kava limepinda. Linyooshwe kwanza, la sivyo hata ya kumi itavuja."

Maneno yalimwingia, na ndipo shaka ikamzidi. Tangu baba yake afariki, kila aliyeonyesha kuijali Landrova aliyomwachia aliishia kutaka auziwe.

"Gari lenyewe liko wapi?" mzee akauliza.

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo tu, mzee." Akaitia gasketi mkobani.

Mzee hakukasirika. Basi liliposimama Mikumi, aliinuka akasema, "Lifungue kava, uliwekee rula kwenye ukingo. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, limepinda. Usiniamini mimi."

Akashuka. Dirishani Devota akamwona fundi wake, Innocent, akiingoja gasketi stendi: yuleyule aliyemwambia mara mbili kwamba gari limekwisha, bora amuuzie yeye.