Kabla ya Saa Tisa

Dirisha la timu kubadilishana wachezaji wa hoki ya barafuni lilikuwa lifungwe saa tisa, na sasa ilikuwa saa nane. Ndani ya basi la mjini, Marlene, mjane wa mzee Hrycak, alikaa nyuma ya wanaume wawili wenye kofia za timu.

"Kipa Tyson aende leo," alisema Duane. "Badala yake tunapewa nafasi mbili za kuchagua chipukizi."

"Chipukizi wa miaka kumi na minne, bwana? Kwenye mtoano utadaka wewe, na hilo tumbo?" akauliza Lorne.

"Angalau linaziba goli."

"Bila Tyson tungekuwa mkiani, nawe kofia hiyo ungeshaitupa."

Walikuwa hawatazamani tena. Marlene alimwomba Mungu ampe subira. Duane akageuka. "Mama, hebu tuamulie. Aende, asiende?"

"Timu ndiyo iliyomleta alale nyumbani kwangu, mwaka wa tatu huu," alisema Marlene. "Leo asubuhi nimemfulia nguo zote. Wakimwita, atapewa saa moja tu ya kufungasha."

Basi likasimama. Duane alivuta miguu ili mama apite. Lorne, aliyekuwa ameshatoa simu kutafuta habari, aliirudisha mfukoni bila kuitazama.