Mashine ya Tariki na Fundi wa Runingu

Kwenye taksibisi ya kwenda Lubarika, mbele yangu, Tariki, fundi wa Uvira, alibana katikati ya magoti mashine yake ndogo ya kupura mpunga kwa pedali. Alikuwa ameiombea breve, karatasi ya serikali ya kukataza wengine kuiga uvumbuzi wake. "Hawatakupa," alisema Sévère, fundi wa Runingu aliyeketi kando yake. "Pedali iko, munyororo iko, pipa iko. Kila fundi angewaza kuvifunga pamoja." Tariki akamgeukia. "Baiskeli ziko huku tangu miye sijazaliwa. Mbona mama yako anapiga mpunga na fimbo mpaka leo?" "Mama yangu umuache."



Tulipofika Runingu, Tariki akiwa anatazama dirishani, Sévère aliinama kana kwamba anaokota mfuko. Akahesabu meno ya gurudumu la ile mashine kwa kidole, akaandika idadi kiganjani kwa kalamu. Aliponiona natazama, akafumba mkono, akashuka.