Vidonge Nilivyogawa Shambani

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa kifupi, naye ananijua, basi tuvumiliane. Mmeniita nisimulie habari za koo langu, hili hili linalowaimbisha kwenye shamba letu la kijiji. Mwaka juzi lilitaka kuninyamazisha kabisa.

Lilianza wakati wa palizi. Niliamka na homa, kichwa kinagonga, na kila nikimeza mate ni kama nameza miiba. Chini ya taya pametuna pande zote mbili. Nikaenda zahanati. Mganga akanimulika kwa tochi, akasema, "Mama, una mafindofindo. Tezi mbili za kooni zimevimba, zina usaha. Meza vidonge hivi mpaka viishe." Nikaitikia vizuri sana. Kuitikia hakujawahi kunishinda.

Nawaambieni kweli, haukupita muda homa ikashuka, nikala ugali. Narudi shambani, nakuta wenzangu nao wanashika shingo. Wameupata wapi ugonjwa? Kwangu! Sote tulikuwa tukinywa maji kwa kata moja. Wakati ule sikujua, niliona huruma tu. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa vidonge vilivyobaki: wewe viwili, wewe viwili, na wewe dada yangu vitatu kwa kuwa unanyonyesha. Mmoja akaniuliza, "Na wewe je?" Nikamjibu, "Mimi nimeshapona. Shamba tunalima pamoja, dawa nikaifiche?" Wakanipigia vigelegele. Mnacheka? Chekeni, mliovimeza mmo humu humu.

Basi koo likarudi. Likapoa, likarudi tena. Mama mkwe wangu akasema hicho ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kikatwe, na mkataji yupo jirani. Nikakiona kisu cha yule mkataji, nikasema, mama, ngoja kwanza nisikilizie. Mimi ni mwoga, sifichi, na woga ulinifaa siku ile.

Mara ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya. Upande mmoja uliumuka mpaka mdomo haufunguki, mate yanachuruzika, na sauti imekuwa ya mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Nikimwita mtoto, ananitazama tu, hajui nasema nini. Nililia, ndugu zangu. Niliogopa kufa, na niliogopa pia kuishi bila sauti yangu.

Bwana yangu akanipandisha lori la mahindi lililokuwa linakwenda Korogwe. Pale Segera likasimama, akanunua machungwa, akayala mbele yangu! Nilipomkazia macho akasema, "Nakula kwa niaba yako." Laiti ningekuwa na sauti siku ile.

Hospitali, daktari akaona jipu limejitunga nyuma ya tezi. Akalitoboa, usaha ukatoka, nikachomwa sindano za penisilini. Maumivu yake siyasemi, lakini kabla jua halijazama nilikuwa nimemeza maji. Nilipoweza kuzungumza akaniuliza, "Vile vidonge vya zahanati ulivimaliza?" Nikatazama ukuta. Bwana yangu akanijibia, "Aliwagawia wenzake, daktari."

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti, akaketi.

"Mama, homa kushuka si kupona. Ukiiacha dawa njiani, vijidudu vilivyobaki vinaanza upya. Na maradhi haya yasipotibiwa sawasawa yanaweza kukuletea homa ya viungo, hata moyo ukaharibika. Hao uliowapa viwili viwili, hukumtibu hata mmoja."

Nikamuuliza habari za kimeo. Akasema kimeo changu hakina kosa lolote. Akanieleza pia kwamba si kila koo linalouma linataka vidonge. Koo la mafua hupona lenyewe kwa kupumzika na kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ndiyo maana mtu aangaliwe kwanza. Langu lilikuwa limerudi mara nyingi na limefika mpaka kwenye jipu, kwa hiyo akashauri zile tezi zitolewe, uvimbe ukishapoa.

Hapo nikasita. "Na sauti?"

"Sauti inatoka chini zaidi, mama. Huko sifiki."

Bwana yangu akadakia, "Daktari, huyu nilimposa kwa kumsikia anaimba. Akirudi bubu nitawaambia nini nyumbani?"

Nilitamani kurudi na lori lile lile. Lakini nikawaza watoto wangu wakinitazama bila kunielewa, nikasema, "Zitoeni."

Uvimbe ulipopoa wakanilaza, wakazitoa; nilipozinduka koo lilikuwa linawaka. Nikawa mtu wa uji uliopoa na kuongea kwa mikono, na bwana yangu alistarehe sana. Asubuhi moja nesi alikuwa anatandika vitanda huku anaimba wimbo wetu wa palizi, tena anaukosea! Sikuvumilia. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Sauti ikatoka nyembamba, inakwaruza, lakini ni yangu. Wodi nzima ikaitikia. Bwana yangu aligeukia ukutani akijifanya anapenga kamasi. Furaha niliyoipata siku ile sijui niiseme vipi.

Namshukuru daktari na manesi wale. Namshukuru dereva aliyeniweka mbele kwenye lori, na mama mkwe aliyenilelea watoto. Ninyi mlipalilia sehemu yangu bila kunung'unika, Mungu awalipe. Tuendelee kulima pamoja na kugawana mahindi, ila dawa ya mtu ni ya mtu, na aimalize hata akijiona mzima. Kila mtu aje shambani na kikombe chake.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Na wewe dada uliyekaa nyuma, unayeshika shingo tangu nilipoanza, usijifiche. Njoo hapa mbele kwenye mwanga, ufungue mdomo tukutazame.