Faili Lipo, Kompyuta Hailioni

Sogeeni karibu, na mwenye kikombe asikoroge kwa kelele, maana mdomo wangu umechoka na sirudii. Kijiwe kiko mlangoni kwangu: benchi moja, jiko la mkaa, nami mmimina kahawa. Asubuhi moja walikaa Fundi Saa na Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Katikati yao mkwe wangu, karani wa zahanati, macho mekundu. Alikuwa ameandika skripti ya kuiamuru kompyuta ichape kila alfajiri orodha ya wagonjwa na dawa zao. Siku ya tatu karatasi haitoki. Mganga mkuu kamwambia: kesho isipotoka, kazi atafute kwingine.

— Nikiiendesha mwenyewe, inachapa, — akasema mkwe. — Ikijiendesha alfajiri, inasema faili halipo. Na faili lipo, nalitazama.

— Inakuogopa, — akasema Breki. — Ukiwepo inajitia bidii. Niliwahi kuwa na utingo wa hivyo.

— Wapi, ni baridi ya alfajiri, — akasema Fundi Saa. — Chuma kikisinyaa, na njia ya faili inasinyaa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? — akauliza Breki.

— Kinaingia taratibu.

— Basi faili linatoroka, — akasema Breki. — Linazurura usiku, kukicha limelala pale pale kama paka. Lifungie.

— Baba, — akasema mkwe, — nimebadili jina, nimelipatia faili kila ruhusa, nimezima, nimewasha. Sina la zaidi.

Nikammiminia. Hakunywa.

Akaja mama mmoja mpeleka mizigo, mgeni kwetu, kifurushi begani.

— Samahanini. Wameniandikia “mlango wa tatu kushoto”. Kushoto ukitokea wapi?

Breki akanyoosha mkono huku, akaurudisha. Fundi Saa akatazama viatu vyake.

Mkwe akaweka kikombe chini polepole.

— Mama, na mimi kompyuta nimeiandikia hivyo hivyo. “Folda ya wagonjwa”, basi. Mimi nikiiendesha naanzia folda ya kazi yangu. Yenyewe alfajiri inaanzia wapi?

Akaondoka kwenda zahanati, akaandika njia yote, tangu mzizi wa diski, pale folda zote zinapoanzia, hadi faili lenyewe. Kesho yake karatasi ikatoka.

Mkwe akabaki na kazi yake. Fundi Saa akarithi kahawa aliyoiacha, imeshapoa. Breki akarithi kifurushi, akazunguka na yule mama mlango kwa mlango hadi adhuhuri. Mimi nikarithi vyombo vya kuosha.