Petroli Isilale Ndani

Sogezeni viti, wanangu, ila asikalie mtu kitanda hiki, maana shuka likivutwa kidogo tu ngozi yote inainuka nalo. Nesi ameniomba niseme polepole, nikamwambia polepole nimesema miaka yote na ndiko kulikonileta hapa. Mimi sitoki. Daktari jana alisimama miguuni pangu akazungumza na karatasi zake badala ya kuzungumza nami, na mtu mzima akizungumziwa hivyo hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho, msinikatize, hasa wewe Meneja, uliyepewa jina hilo na ndugu zako kwa sababu hujawahi kuajiriwa na mtu lakini hujawahi kuacha kutoa amri.

Naanza na fundi cherehani, nyumba baadaye.

Mjane wake alikuja hapa mlipokuwa mmekwenda kununua dawa. Alikaa hapo ulipokaa wewe mkubwa, akiwa na kanga ile ile aliyomzikia mumewe, akaniangalia hizi bandeji, akapiga magoti. Nikadhani anaomba dua. Akasema, "Mama, naomba umsamehe mume wangu, amekuchoma." Mimi ndiye niliyeombwa msamaha, wanangu. Mwanamke aliyefiwa kwa mikono yetu anakuja kuomba msamaha kwetu, kwa sababu mtaa mzima umeshaambiwa kwamba fundi aliacha pasi yake ya mkaa ikaunguza nguo, na nguo zikaunguza nyumba. Nikamuuliza nani kasema. Akasema, wanao, mama, walisema msibani. Nilitaka kumjibu, nikaishiwa pumzi, nesi akamtoa, na ameondoka akiamini hivyo. Tangu saa hiyo sijui kidonda kipi kinaniuma zaidi.

Haya, tuulizane basi, kwa kuwa mnapenda ubishi. Pasi ile ilikuwa katika chumba cha mbele tangu baba yenu yu hai na anampangisha fundi kwa kupeana mikono tu. Ilinyoosha sare za shule, ikanyoosha suti ya harusi yako mkubwa, ikanyoosha na sanda ya baba yenu. Ilichoma nini siku zote hizo? Kitu kigeni ndani ya nyumba ile kilikuwa kipi, pasi au pipa? Nitajibu mimi.

Mafuta yalipoadimika vituoni mkasema hii ndiyo bahati yetu, mkaviringisha pipa la petroli mpaka chumba cha katikati, ndani, tunamolala watu. Nilisema. Dada yenu alisema zaidi yangu, akawaambia petroli haihifadhiwi ndani ya nyumba, inakaa nje, mbali, kivulini, kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, na haijazwi mpaka mdomoni kwa kuwa joto likipanda nayo inavimba. Mkamwita Mheshimiwa Spika. Mkampigia makofi ya kejeli hapo sebuleni, akaenda kulia chooni, na mimi nikawanyamazisha wote kwa kuwa uji ulikuwa unapoa.

Majirani walipoanza kulalamika harufu, Meneja akapata akili. Akili gani hiyo? Ukaloweka magunia kwa maji ukayashindilia chini ya mlango wa nyuma, ukaziba dirisha kwa nailoni, ili mkihamisha mafuta kwa mpira kutoka pipani kwenda kwenye chupa za wateja, nje asisikie mtu. Na kweli nje hakusikia mtu. Mliziba kila mahali isipokuwa mlango wa kwenda kwa fundi, kwa sababu fundi hakuwa mtu wa kushtaki. Sasa ule mvuke uende wapi? Mvuke wa petroli haupandi kama moshi wa kuni. Ni mzito, unashuka, unatambaa sakafuni kama maji usiyoyaona, na chumba cha fundi kiko chini ya chetu kwa ngazi moja. Mlikuwa mnammiminia miguuni.

Fundi aliniambia asubuhi ya siku ya moto, anacheka. "Mama, leo suruali za wateja zitanukia gari." Wewe Meneja ukamjibu kutoka ndani kwamba basi awashonee na gia. Tukacheka wote, na mimi nilicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha yule mtu.

Moto haukuhitaji kuigusa petroli yenyewe. Mnafikiri ni lazima mtu adondoshe kiberiti ndani ya pipa. Hapana, ulikutana na mvuke kwenye makaa ya pasi, ukalipuka pale, kisha nikauona kwa macho yangu ukirudi sakafuni kuja kwetu, unakimbia kama mtoto aliyeitwa jina. Wewe mkubwa ukachukua ndoo ya maji ukamwaga. Sikulaumu kwa ndoo ile, mwanangu, nataka usikie hili kinywa changu kikiwa bado kinasema: ulitaka kuniokoa. Lakini petroli inaelea juu ya maji, na maji yako yaliubeba moto yakauleta mpaka kwenye gauni langu. Ungemwaga mchanga. Ungenivingirisha kwenye blanketi. Hakuna aliyetufundisha, utasema. Alikuwepo wa kutufundisha, tulikuwa tunampigia makofi.

Basi, nagawa. Nyumba, au hicho kilichobaki, msimamizi ni dada yenu. Usikunje uso, Meneja, uso huo haukuwahi kunitisha hata ukiwa na meno ya maziwa. Mkubwa utakaa na mkeo vyumba vya uani kama mlivyo, na mdogo wako Meneja atakaa akitaka. Chumba cha mbele ni cha mjane wa fundi, si cha kupanga, ni chake, na mtakijenga ninyi kwa mikono yenu, kuta na bati. Cherehani yangu iliyoko kwa shangazi yenu apewe mjane huyo. Na kabla hamjaweka tofali la kwanza mtakwenda, ninyi wawili, mbele ya watu wale wale mliowadanganya msibani, mseme pasi haikuwa na kosa. Mmemwangushia maiti jumba bovu. Hawezi kulitoka, kwa hiyo mtalinyanyua wenyewe.

Na petroli isilale ndani. Isilale, isishinde, isipite. Mkitaka biashara hiyo kaifanyeni wazi, uwanjani, penye upepo, pasipo sigara wala jiko wala mtu aliyelala. Nguo ikirukiwa na petroli ivuliwe hapo hapo, ianikwe nje mpaka ikauke, wala mtu asiingie nayo jikoni...

Ngoja.

Mkubwa, niletee mkono wako. Karibu zaidi. Nimelala humu kwenye harufu ya dawa siku zote hizi, sikudhani pua yangu ingenusa tena kitu kingine. Nilidhani ni mimi, nikadhani imeniingia mwilini. Ni wewe. Iko kwenye shati, iko kwenye kucha. Umekuja kumuaga mama yako na petroli kwenye kucha.

Dada yenu anaangalia chini. Kwa hiyo na wewe unajua, binti yangu. Umechoka kuwaambia. Sikulaumu, hata mimi ningechoka.

Semeni iko wapi. Meneja, wewe usiseme. Mkubwa.

"Ni madumu machache tu, mama. Tumeyaweka chumbani kwako. Tumeyafunika blanketi, na dirisha tumelifunga, hakuna atakayesikia harufu."

Chumbani kwangu.

Chumba pekee kilichobaki na dari. Kina ukuta mmoja na jiko, na mlango wa kati haujafunga vizuri tangu mlipokuwa watoto. Na nani yuko jikoni sasa hivi? Wageni wanaokuja kunipa pole, ni nani anawapikia? Mkeo. Amebeba mimba yako, amechutama mbele ya makaa, na ninyi mko hapa mnanishika mkono.

Mpigie simu. Mpigie sasa.

Haipokelewi. Anaiachaga kwenye kochi, asiingie nayo jikoni kwenye maji... najua, anaiachaga kwenye kochi. Mpigie jirani. Mpigie mjane wa fundi, ndiye aliye karibu, ndiye tunayemtegemea, loo, ndiye huyo huyo. Mwambie amwite atoke. Amwite kwa nje, asiingie. Watoke wote walivyo, sufuria liachwe, mtu asimwage maji, asiwashe taa, asizime taa, asiguse kitu.

Mbona mmekaa? Mnangoja baraka? Hakuna baraka ya kukalia kiti. Acheni mkono wangu. Binti, wewe pia, usibaki kwa ajili yangu, wewe ndiye unayejua la kufanya, wakikusikiliza leo, wasipokusikiliza, nenda.

Nilidhani maneno yangu yangefika kabla ya... Nimeongea mno. Ningeanza na kuwanusa.

Msirudi kuniangalia. Nesi yupo. Yupo, atanifunga macho, ni kazi yake.

Kimbieni, wanangu. Mungu... Mungu awawahishe.