Mzee Makungu bin Pandu, Fundi Makuti wa Ng'ambo

Assalaam alaykum, ndugu mliokuja kutushika mkono. Familia inawasomea maisha ya mzee wetu kama yalivyokuwa.

Marehemu Makungu bin Pandu alizaliwa Makunduchi mwaka 1896, mtoto wa tatu wa Mzee Pandu bin Jecha na Bi. Tabia, akahitimu Kur'ani kwenye chuo cha hapo kijijini mwaka 1908, na kwa kuwa skuli haikuwapo, elimu nyengine aliipata juu ya mapaa, kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa kuezeka makuti.

Mwaka 1919 alihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, wakati huo nyumba na nyumba zikitenganishwa na makonde ya muhogo, akajenga nyumba ya udongo kwenye kiwanja cha kukodi, na tarehe 6 Machi 1924 akamuoa Bi. Mwatum binti Shamsi, wakajaaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia mbele ya haki wangali wachanga, akabaki Borafya.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na mtaa wa Ng'ambo usiokuwa na kazi ya mikono yake. Baada ya vita vikuu vya pili watu walimiminika, wa shamba na wa bara, muhogo ukang'olewa, chumba kimoja kikagaiwa kwa pazia kikalaza aila mbili, na waliopata kazi bandarini na maofisini wakaanza kuezeka kwa bati, marehemu akawa anapita mbele ya nyumba alizoziezeka mwenyewe na waliomo hawamjui. Mwaka 1953 mzima hakuitwa hata mara moja.

Tarehe 14 Juni 1954, ardhi ikiwa imeuzwa kwa mtu aliyetaka kujenga nyumba ya mawe, msimamizi wa mnunuzi alimwendea marehemu akamwambia, "Mzee Makungu, nyumba ni yako, kiwanja si chako, ng'oa miti yako," naye akaing'oa miti ya nyumba mmoja mmoja, Bi. Mwatum akiipokea chini. Wakajenga tena ukingoni mwa mji, na huko nako mji ukawafuata, wakaondoshwa Januari 1956, na mwezi uliofuata Bi. Mwatum akafariki.

Akiwa na miaka sitini alikwenda kuomba kibarua kwa vijana wanaoezeka bati, siku ya nne akateleza, akavunjika nyonga, asitembee tena ila kwa mkongojo. Alimwendea Borafya, karani wa bandarini mwenye nyumba ya vyumba sita, akaambiwa, "Baba, vyumba vyote vina wapangaji, hebu subiri kidogo," akajibu, "Naam mwanangu, nnasubiri," na akasubiri miaka miwili katika kibanda cha watu. Hatusemi haya kumuaibisha mtu, Borafya mwenyewe ametaka yasomwe.

Tarehe 2 Novemba 1958 alishikwa na homa ya mapafu, akafariki hospitali tarehe 12, adhuhuri, akiwa na umri wa miaka 62.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, tunamshukuru Mzee Machano, ambaye katika mafundi makuti wenziwe ndiye pekee aliyebaki, na tunawashukuru majirani wa mtaa huu mpya, mliochimba kaburi na kubeba jeneza, ingawa wengi wenu jina lake mmelijua leo asubuhi.

Mola amsamehe, nasi atusamehe. Pumzika, Mzee Makungu, ardhi uliyolala haina mwenyewe ila Mungu.